Alimvalisha Barbie Miaka 29 Ndipo Jina Lake Likaonekana Kwenye Boksi

Waulize watu kumi nani alimleta Barbie duniani. Wanaojua watakutajia Ruth Handler, yule mama wa Marekani aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Mattel, akampa mdoli jina la binti yake Barbara. Wamepata, wapewe maksi zao. Sasa waulize swali la pili: nani alikuwa anambunia nguo? Hapo kimya. Na hapo ndipo stori inapoanzia.

Barbie alitambulishwa New York tarehe 9 Machi, 1959, bei yake dola 3. Ujanja wa biashara ile ulikuwa kwenye kabati. Ukishamnunulia mtoto mdoli mmoja, umeingia kwenye mtego, maana kesho anataka gauni la sherehe, keshokutwa koti, wiki ijayo viatu. Mdoli mmoja, nguo kibao. Kwa hiyo nyuma ya kila gauni kulikuwa na mtu mzima ameinama mezani na mkasi wake, anawaza kiuno kidogo kuliko shingo ya chupa ya soda.

Mmoja wao ni Carol Spencer. Aliingia Mattel mwaka 1963 na kukaa pale kwa takribani miaka 35. Yaani wasichana waliomchezea Barbie wa kwanza aliyemvalisha walikua, wakaolewa, wakazaa, na watoto wao nao wakacheza na nguo zake.

Kuna wanaodhani kazi hii ni kuchukua mshono wa mtu na kuupunguza. Thubutu! Barbie ana urefu wa sentimita kama 29 tu, ila kitambaa hakijui hilo. Chukua kitenge chenye ua kubwa: ua moja linameza gauni zima. Kunja pindo mara mbili kama unavyofanya kwenye sketi yako, kiuno cha mdoli kinavimba kama amefungwa taulo. Kifungo lazima kiwe kidogo, lakini nguo yenyewe ivalike na kuvulika kwa vidole vya mtoto. Na ukumbuke hiyo nguo inakwenda kiwandani. Lesi ikizidi kidogo tu, zidisha mara malaki ya magauni, utaitwa ofisini kujieleza.

Kwenye udogo huo huo watu hawa walikuwa wanaamua mambo makubwa. Mwaka 1961 Barbie aliuziwa sare ya nesi. Mwaka 1973 yakaja mavazi ya daktari wa upasuaji, kazi ya Spencer. Leo unaweza kuona ni kawaida, ila fikiria mtoto wa kike wa wakati ule anamvalisha mdoli wake nguo za chumba cha upasuaji, halafu hakuna anayemwambia ngoja daktari mwenyewe aje. Hakuna hotuba hapo, ni kitambaa tu na mdoli.

Halafu kuna ile ya mwaka 1992, Totally Hair Barbie, mwenye nywele zilizoshuka mpaka miguuni na kigauni kifupi cha rangi zinazopiga kelele. Walinunuliwa zaidi ya milioni 10. Ndiye Barbie aliyeuzwa kuliko wote, na kile kigauni kilitoka kwenye meza ya Spencer pia.

Sasa tuje kwenye jina. Mwaka 1990 Mattel ilitoa Barbie wa dhahabu aliyebuniwa na Bob Mackie, mbunifu maarufu aliyekuwa akiwavalisha mastaa. Jina lake likawa sehemu ya bidhaa, na wakusanyaji wakamgombania. Haki yake, ana jina mjini. Lakini Spencer, aliyekuwa ndani ya nyumba tangu 1963, alikuja kuona jina lake kwenye boksi mwaka 1992, kwenye mdoli aitwaye Benefit Ball. Piga hesabu: miaka 29. Mgeni kaja na sinia lake kakaribishwa sebuleni, mpishi wa nyumbani bado yuko jikoni.

Wapo watakaosema, "Si alikuwa analipwa mshahara? Anataka nini tena?" Swali halali, tusilikimbie. Mshahara unalipia kazi ya mwezi huu. Jina ndilo linalokuletea kazi ya mwakani. Tena jina lina kazi nyingine ambayo watu huwa wanaisahau, nayo ni kumwonyesha mwingine mlango ulipo.

Ushahidi upo. Mwaka 1980 ndipo alipotoka mdoli mweusi wa kwanza kuitwa Barbie kabisa. Kabla ya hapo wadoli weusi walikuwepo, ila walikuwa na majina mengine, kama Christie wa mwaka 1968. Aliyembuni huyo wa 1980 ni Kitty Black Perkins, dada mweusi. Akampa nywele fupi za asili na mavazi mekundu. Baadaye binti mwingine mweusi, Stacey McBride-Irby, akamfahamu Perkins kupitia habari ya gazetini, akamtafuta, akaingia kwenye kazi hiyo hiyo. Mwaka 2009 akatoa wadoli wake wa So In Style. Jiulize, lile gazeti lingeandika tu "wabunifu wa kampuni", huyo binti angemtafuta nani?

Ndiyo maana hatua ya mwisho ya Spencer ina uzito. Mwaka 2019, Barbie anatimiza miaka 60, mama huyu ambaye umri wake ulishavuka 80 akatoa kitabu, Dressing Barbie. Fundi akashika kalamu. Gauni linaweza kukaa makumbusho miaka mia na lisiseme nani alilikata. Karatasi inasema.

Ila kuna wengine kalamu haikuwafikia. Nguo za Barbie za miaka ya mwanzo zilishonwa Japani, na kazi nyingi zilifanywa kwa mkono na akina mama majumbani mwao. Leo kigauni kimoja cha enzi zile kikiwa kizima kinauzwa kwa bei ya kushangaza. Wakusanyaji wanasifia zile mishono midogo, wanaipiga picha kwa karibu. Mwenye mkono ule hatajwi popote, na hakuna wa kumuuliza tena.

Na wewe unayechora, unayeshona, unayeedit video za watu usiku kucha, usisubiri miaka 29. Weka tarehe kwenye mchoro wako. Tunza picha za kazi ikiwa bado haijaisha. Ukiulizwa "nani kakushonea?" taja jina la fundi, usijibu "nimeagiza tu mahali". Ukipost lile gauni la harusi lenye likes elfu moja, mtag. Ni sekunde tano tu, na huenda kuna binti mahali anatafuta pa kuanzia.