Lenzi ya kwanza ya binti

Kahawa ilipouzwa na ada kulipwa, mama mmoja wa Mlowo alibaki na fedha ya lenzi moja. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, aliachiwa na mjomba kamera ya Canon tupu; anataka kupiga picha za kipaimara na mahafali.

Binti alililia 50mm f/1.8, ile inayofifisha nyuma ya bibi harusi. Nzuri kweli, hata kwenye mwanga hafifu. Lakini kwenye kamera nyingi za wanaoanza, 50 huona kama 80: sebuleni utarudi nyuma mpaka ukutani, na familia haijaenea.

Mama, asiyejua lenzi, aliuliza, "Wateja wako watakaa wapi?"

Wakanunua 18-55 iliyotumika, baada ya kuimulika kwa tochi ya simu kama ina ukungu ndani. Binti bado ananuna kidogo.