Kiti Kigeni katika Gari la Kale

Wako wanaodhani kwamba kubadili viti vya gari ni sawa na kubadili viti vya sebuleni. Sivyo hata kidogo. Marehemu baba aliniachia pikapu kuukuu ya Toyota ambayo viti vyake vilikuwa vimechakaa, nami nikaipeleka kwa mafundi wa Gatsata, hapa Kigali.

Viti tulivyopata vilitoka Uganda. Huko, kama Kenya na Tanzania, magari hushika kushoto na usukani huwa kulia. Rwanda ni kinyume chake. Kiti cha dereva kilipojaribiwa upande wetu, wenzo wa kulaza egemeo ukawa ndani, karibu na gia, badala ya mlangoni. Basi kile cha abiria ndicho kikafanywa cha dereva.

Sakafu nayo ilikuwa imeliwa na kutu. Kijana mmoja alitaka kuchomelea reli za kiti juu yake vivyo hivyo. Mzee fundi akamkataza: “Mwanangu, gari likigonga, kutu haitamshika mtu.” Bati bovu likakatwa, jipya likachomelewa, na chini ya kila bolti kikawekwa kipande cha chuma kinene ili kugawanya uzito.

Hayo yote yalisemwa kwa Kiswahili, lugha iliyozoeleka gerejini hapa Kigali kabla haijafanywa rasmi nchini mwaka 2017. Walimu wenzangu, wenzo, reli na kutu visibaki ubaoni tu. Tuwapeleke wanafunzi wakasikie maneno hayo yakilinda uhai wa mtu.