Mama Mdogo, fundi na kozi mbili za ziada

Jamani, nimepotea. Mniwie radhi. Wiki mbili zilizopita Mama Mdogo alinipigia simu alfajiri, shikamoo yangu hata hakuiitikia. "Mwanangu, wewe si mwandishi wa habari? Basi mwandike huyu mwizi gazetini!"

Mwizi mwenyewe ni fundi anayemjengea nyumba huko Goba. Alifikisha ukuta kwenye linta, akafungasha mwiko na timazi yake, akaondoka na mifuko minne ya simenti. Anasema anadai laki sita. Mama Mdogo anasema hadaiwi hata senti tano, kalipa kila hatua kama walivyokubaliana.

Nilipanda daladala nikiwa nimeshachagua upande, hilo nakiri. Hata kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari.

Fundi alikubali kuja. Hakubishana. Alinipeleka nyuma ya nyumba akaniambia, "Kaka, hesabu." Kiwanja kiko kwenye mteremko. Mbele msingi una kozi tatu, kule bondeni una tano. Bei waliyopatana ilikuwa ya kozi tatu nyumba nzima. "Sakafu lazima ilale sawa. Nilimpigia mama nikamweleza, akasema ongeza tu fundi, tutaongea."

Nikamtazama Mama Mdogo. "Nilisema tutaongea," akajibu, "sikusema nitalipa."

Nilitaka kucheka, lakini ugomvi huu ndio huohuo unaowagombanisha wakubwa wenye makoti na kofia ngumu: kazi ya ziada. Tofauti ni kwamba kwenye mikataba yao mhandisi hutoa agizo la maandishi kabla kazi haijaongezwa. Sehemu ya malipo huzuiwa mpaka kipindi cha matazamio kiishe, kasoro zionekane na zirekebishwe. Wakishindwana, kuna wasuluhishi, kuna Baraza la Taifa la Ujenzi, kuna Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 iliyochukua nafasi ya ile ya mkoloni ya 1931. Sisi wa Goba tuna "tutaongea". Na msidhani makubaliano ya mdomo si kitu. Sheria yetu ya Mikataba inayatambua. Kazi iko kwenye kuthibitisha nani alisema nini, hasa kama aliyesema ni mama yako mdogo.

Kuna jambo lingine lililonisumbua. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar, wakafa watu 36. Nilikuwa bado shule. Ninachokumbuka ni watu wazima wakiuliza kibali kilikuwa cha ghorofa ngapi. Tumezoea wanaoongeza juu. Huyu wetu aliongeza chini, kwa sababu ardhi ilimdai, nami nilikuwa nakwenda kumwanika gazetini.

Simenti, hata hivyo, hakupaswa kuichukua. Nilimwambia. Akasema ni rehani. Nikamwambia rehani hujichukulii mwenyewe usiku.

Tuliishia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alisikiliza saa nzima, akaenda mwenyewe kuhesabu zile kozi, akarudi na viatu vyekundu kwa udongo. Fundi arudishe simenti. Mama Mdogo alipe laki nne, mara mbili. Na kuanzia sasa kila nyongeza iandikwe, bei pembeni, saini za wote wawili. Karatasi ilichanwa kwenye daftari la mwanafunzi, nami nikasaini kama shahidi.

Simenti imerudi. Laki mbili za kwanza zimelipwa, na linta inamwagwa Jumamosi. Habari sikuiandika. Mama Mdogo hapokei simu zangu. Kamwambia mama yangu kwamba nimesomeshwa mpaka chuo kikuu ili nije kumtetea fundi.