Ruta Imepoteza Mfumo Endeshi: Tulivyoifufua Matulo

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalowatisha mafundi wengi wanaoanza. Ruta imewashwa, taa zinamulika, lakini mtandao hakuna. Ukiunganisha laptopu kwa kebo ya konsoli ili uone kinachoendelea, unakuta mstari mmoja tu:

rommon 1 >

Wengi wakiona hivyo husema ruta imekufa. Haijafa. Imekosa mfumo endeshi, na hilo lina dawa.

Kwanza tuelewane. Ruta ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuelekeza data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ina prosesa, ina kumbukumbu, na ina mfumo endeshi. Kwa ruta za Cisco ninazozungumzia hapa mfumo huo huitwa IOS (usiuchanganye na ule wa iPhone, majina yamegongana tu), na wote umo ndani ya faili moja. Kumbukumbu za ruta ni nne:

1. ROM: ina programu ndogo ya kuiamsha ruta, ndiyo hiyo ROMMON.
2. Flashi: ndimo linamokaa faili la IOS.
3. NVRAM: ndimo inamokaa mipangilio yako, yaani anwani, nywila na kadhalika.
4. RAM: ya kufanyia kazi. Stima ikienda, kila kitu kinafutika.

Ukishika hayo umeshika nusu ya somo. Flashi ikiwa tupu, ROMMON huamka, hutafuta IOS, huikosa, kisha hukaa ikikusubiri. Lakini mipangilio yako bado iko salama kwenye NVRAM. Rudisha faili moja tu na ruta itakumbuka kila kitu.

Sasa kisa chenyewe. Nilikuwa nyumbani Matulo, upande wa Webuye, kaunti ya Bungoma, nikipumzika na kelele za Nairobi. Asubuhi moja mwalimu anayesimamia kituo cha kompyuta hapo karibu akanipigia simu.

"Kijana wangu, umeamka? Ruta yetu imegoma, na hawa watoto wamebakisha leo na kesho."

Watoto aliowasema walikuwa wamemaliza kidato cha nne na walikuja kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Siku ya mwisho ikipita, imepita. Wengi wao walikuwa na simu za mulika mwizi, na baadhi walikuwa wametoka mbali kwa bodaboda. Kwao, kituo hicho ndicho kilikuwa intaneti.

Nilipofika nikaelezwa kwamba jana yake fundi mmoja alijaribu kuweka toleo jingine la IOS. Ruta ni Cisco 1841 yenye kadi ya flashi ya MB 64. Faili la IOS lililokuwemo, c1841-advipservicesk9-mz.124-15.T1.bin, lina baiti 33,591,768. Mawili ya ukubwa huo hayaenei kwenye kadi hiyo, kwa hiyo alilifuta la zamani kwanza. Jipya likiwa njiani, stima ikapotea. Ilipokuja, hapakuwa na la zamani wala jipya, na fundi alikuwa ameshaondoka na laptopu yake.

Nikamuuliza mwalimu, "Kuna nakala ya faili la zamani mahali popote?"

"Nakala gani tena? Sisi tulipewa mashine tu."

Hapo ndipo ugumu ulipo, ndugu msomaji. Kazi ya kurudisha faili ni rahisi. Kulipata faili ndiyo shughuli. Cisco waliacha kuuza 1841 mwezi wa Novemba 2011, na huduma zake zikakoma Oktoba 2016. Hata wakati ule, kupakua IOS kulihitaji akaunti na mkataba wa huduma. Shule na vituo vyetu hupata ruta hizi zikiwa mitumba, bila mkataba. Kuokota faili kwenye tovuti usiyoijua nako si ushauri wangu. Programu hiyo ina mwenyewe, na zaidi ya hapo hujui nani amelichezea faili kabla yako. Mtu anayeitawala ruta anaona kila kinachopita ndani yake.

Bahati nzuri kituo kilikuwa na 1841 ya pili, iliyonunuliwa pamoja na ya kwanza ikiwa na IOS ileile. Lakini radi (na sehemu hizi mnazijua kwa radi) iliua milango yake yote miwili ya Ethernet. Ilibaki ya wanafunzi kujifunzia amri kupitia konsoli. Kwa hiyo faili lilikuwepo, ila limefungiwa ndani ya ruta isiyoweza kulituma kwenye mtandao.

Ningeweza kulitoa kupitia konsoli? Tupige hesabu. Konsoli kwa kawaida huenda kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Kila herufi hutumia biti 10, kwa hiyo ni baiti 960 kwa sekunde. Baiti 33,591,768 ugawe kwa 960 unapata sekunde kama 35,000, yaani karibu saa 10. Ndivyo ilivyo njia ya Xmodem pia, ile ya kupandisha IOS kwa kebo ya konsoli. Ukiongeza kasi hadi 115,200 kwa amri ya confreg, unashuka hadi dakika 50 hivi. Na stima ikikatika katikati unaanza upya.

Njia nyepesi ilikuwa nyuma ya ruta yenyewe. Kadi ya flashi ya 1841 ni CompactFlash, na inachomoka. Tukafanya hivi:

1. Tulizima ruta zote mbili. Tukatoa kadi ya ile iliyopigwa na radi, tukaichomeka kwenye ile isiyo na mfumo.
2. Tukawasha. ROMMON ikalikuta faili, alama za ### zikajaa kwenye skrini, IOS ikaamka. Mipangilio ikasomwa kutoka NVRAM kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanafunzi wakaingia mtandaoni kabla ya saa tano.
3. Nikaweka programu ya seva ya TFTP kwenye laptopu yangu, kisha kwenye ruta nikaandika copy flash: tftp: nikapata nakala.
4. Jioni watoto walipoondoka, nilichomoa kadi ya kuazima ruta ikiwa bado inafanya kazi, nikaweka ile tupu, nikaandika copy tftp: flash: na faili likarudi.
5. Nikaandika verify /md5 na jina la faili, nikalinganisha na alama ya lile la kwanza. Zilikuwa sawa. Kisha reload, na ruta ikaamka kwa kadi yake yenyewe.

Utauliza, kadi imechomolewaje ruta ikiendelea? Tazama herufi mz kwenye jina la faili. m maana yake mfumo hukimbia ndani ya RAM, z maana yake faili limebanwa. Ukishaamka haukai tena kwenye kadi. Ila usichomoe kama taa ya kadi inawaka.

Kama huna kadi ya kuazima lakini faili unalo, tumia TFTP kutoka ROMMON. Unganisha laptopu kwenye mlango wa kwanza, FastEthernet 0/0, kisha andika kwa herufi kubwa vilevile, bila nafasi:

IP_ADDRESS=192.168.1.1
IP_SUBNET_MASK=255.255.255.0
DEFAULT_GATEWAY=192.168.1.2
TFTP_SERVER=192.168.1.2
TFTP_FILE=c1841-advipservicesk9-mz.124-15.T1.bin
tftpdnld

Ikimaliza, andika reset. Angalizo mbili. Amri hii hufuta kila kitu kwenye flashi kabla ya kuanza. Pili, TFTP hutuma vipande vya baiti 512 na hesabu yake ya vipande huishia 65,535. Zidisha upate baiti 33,553,920. Faili letu linazidi hapo kwa baiti 37,848! Baadhi ya programu za zamani za seva hukwama zikifika mwisho huo, kwa hiyo tumia inayojua kurudi sifuri na kuendelea.

Nilimwachia mwalimu nakala mbili, moja kwenye flashi diski na nyingine kwenye kompyuta ya ofisi, pamoja na karatasi yenye jina la faili, ukubwa wake na alama ya MD5. Nakala ya mipangilio nayo pia. Nikamwambia ukweli mwingine: ruta hii haipati tena viraka vya usalama, kwa hiyo pesa ikipatikana ibadilishwe.

Tangu nyaya za baharini kama SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, tumezoea kudhani kila kitu kiko mtandaoni kikitusubiri. Lakini mlango wa kwenda mtandaoni ukifungwa, ufunguo hauwezi kuwa huko nje. Kwa hiyo ukipewa au ukinunua ruta ya mitumba, kabla hujaitundika ukutani, andika copy flash: tftp: siku hiyohiyo. Ni dakika chache.

Haya, kwa leo tuishie hapo. Ukitoka hapa kaangalie ruta ya shule yenu, uulize nakala iko wapi.