Kibali cha Kando ya Njia: London na Kolandoto

Njia ya umma ni mali ya kila apitaye, na kwa sababu hiyo hapana mtu awezaye kuamka asubuhi akaiita yake. Lakini tangu watu walipoanza kukaa mijini, maisha yao yamewalazimu kuiazima mara kwa mara: mjenzi ashushe mchanga wake, mama lishe atandike benchi lake, muuza matunda apange mafungu yake, jirani asimamishe turubai la harusi au la msiba. Suala la haki, basi, ni nani mwenye kutoa idhini ya kuazima, kwa muda gani na kwa masharti gani, na idhini hiyo ikishatolewa ina uzito gani mbele ya mwenye nguvu ya kuja kuivunja. Mimi ni mzaliwa wa Kolandoto na mkazi wa London. Nimeona jambo hili likitendwa huku na huko, na insafu yanitaka nitaje fadhila za kila upande pamoja na upungufu wake.

Katika England, mwenye mkahawa atakaye kuweka meza na viti nje ya mlango wake, juu ya njia ya waendao kwa miguu, huomba leseni kwa halmashauri chini ya sheria ya mwaka 2020, ambayo ilitungwa wakati wa janga la korona ili kuziokoa biashara zisizoweza kujaza watu ndani, kisha ikafanywa ya kudumu mwaka 2024. Mwombaji hubandika tangazo mahali pake pa kazi ili wapitao walisome. Umma hupewa siku 14 za kutoa maoni, na halmashauri siku nyingine 14 za kuamua. Ada ina kikomo: pauni 500 kwa leseni mpya, pauni 350 kwa kuihuisha, na leseni yenyewe yaweza kudumu hadi miaka miwili. Sharti kubwa ni kwamba isizibwe njia ya kipofu mwenye fimbo yake, wala ya mgonjwa katika kiti cha magurudumu, wala ya mzazi asukumaye kigari cha mtoto.

Lakini kifungu kilichonishangaza kuliko vyote ni hiki: halmashauri ikinyamaza mpaka muda wake ukapita, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Taraghani ya mwenye mamlaka haimdhuru mnyonge aliyekwisha kutimiza wajibu wake. Sisemi kwamba mambo ya huku ni kamilifu, maana ada ya pauni 500 ni mzigo kwa mkahawa mdogo, na leseni ikikataliwa sheria haikuweka njia maalumu ya rufaa. Hata hivyo, aliyeipata ana karatasi itajayo mahali, kipimo, masharti na siku ya mwisho, na karatasi hiyo humfunga mtoaji kama imfungavyo mpokeaji.

Nyumbani nako hatukukosa sheria. Kolandoto ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, ijulikanayo mbali kwa hospitali iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1913, na kwa njia panda ambapo barabara ya kwenda Kishapu na Lalago huachana na ile ya Mwanza. Mahali penye hospitali na njia panda hapakosi biashara: wauguzaji watahitaji uji wa asubuhi, abiria watanunua ndizi na maji, waendesha bodaboda watataka kivuli cha kungojea wateja. Biashara hiyo yote, aghalabu, hukaa katika hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kwa kanuni za zamani, na tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake imekuwa mita 30. Barabara kuu na za mkoa zi chini ya wakala wa serikali, TANROADS. Za mitaa, tangu mwaka 2017, zi chini ya wakala mwingine, TARURA. Na ushuru, usafi na leseni ni kazi ya halmashauri. Mwenye benchi moja ana mabwana watatu, na ruhusa ya mmoja haimfungi mwenziwe.

Nyumba ikiwa ndani ya hifadhi walau huandikwa alama: ya kijani kwa ile iliyofuatwa na barabara, ambayo mwenyewe hufikiriwa fidia, na nyekundu kwa ile iliyoifuata barabara. Benchi halina alama wala daftari. Shangazi yangu aliyeuza uji na chapati kando ya njia alikuwa akilipa ushuru na kufunga stakabadhi katika pindo la kanga yake. Siku walipokuja watu waliotumwa kusafisha njia, alizifungua akawaonyesha, wakamjibu kwamba zile ni za ushuru, hazikumpa mahali. Walisema kweli, na hapo ndipo ulipo msiba wenyewe: alipokewa fedha zake kwa muda mrefu pasipo kuambiwa hata mara moja kwamba alichonunua hakikuwa haki ya kukaa.

Jambo hilo halikuwa la shangazi peke yake. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kilikuwa kitendo cha huruma, kwani kiliwapunguzia wengi adha ya kutozwa kila siku. Lakini kitambulisho hakikutaja mahali, na mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara nchini kote na kupangiwa maeneo mengine, wenye vitambulisho waliondoka sawa na wasio navyo. Rais Samia aliagiza kazi hiyo ifanywe bila kutumia nguvu, na agizo hilo lilikuwa la utu. Walakini utu unaotegemea agizo huondoka na mwenye kuagiza, ila ule ulioandikwa katika kibali hubaki mkononi mwa raia.

Lakini wako wageni wapitao kwetu wakadhani hatuna utaratibu wowote, nao hukosea. Mtu akifariki usiku, alfajiri turubai husimama na viti hupangwa hata katikati ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa hupewa habari, majirani huridhia, magari huzunguka, wala hapana atozwaye hata senti. Huku London, kufunga mtaa hata kwa karamu ya majirani kwahitaji maombi ya wiki kadhaa kabla, na mauti hayangoji wiki. Ridhaa ya majirani ni kibali kilicho hai, nami singependa kuiona ikizikwa chini ya fomu.

Tena nchi ya Shinyanga ina elimu ya kale juu ya kuazima cha wote. Ngitili zetu, yaani malisho yaliyotengwa, hufungwa mvua zianzapo ili majani yaote, hufunguliwa wakati wa kiangazi mifugo ikiwa na njaa, na avunjaye mwiko huitwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, akatozwa faini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifaulu kurudisha miti katika nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa kwa sababu uliijenga kazi yake juu ya desturi hiyo: mahali pajulikane, muda ujulikane, jamii yote ishuhudie. Nikaisoma sheria ya England kwa makini, nikaona misingi yake ni hiyo hiyo mitatu, pamoja na wa nne ambao tungefaa kuuongeza, yaani kumfunga mwenye mamlaka kwa siku za kujibu.

Kwa hiyo natoa rai kwa madiwani na watendaji wa kwetu. Kitolewe kibali kimoja kinachotambuliwa na wenye barabara na halmashauri pamoja, kikitaja kipande cha ardhi kwa hatua, saa za kazi na siku ya mwisho. Ombi libandikwe katika ofisi ya mtaa, majirani walisemee katika mkutano wao, na lisipojibiwa kwa siku 14 lihesabiwe kukubaliwa. Ada ilingane na mtaji wa muuza uji. Na barabara ikihitaji kupanuliwa, maana barabara ni lazima ipanuke, mwenye kibali apewe notisi na mahali pengine kabla benchi halijaguswa.

Nasi tulio ng'ambo, ambao huwatumia ndugu zetu mitaji ya meza na majiko na kudhani tumemaliza, tuna wajibu wetu: kila tutumapo fedha tuulize iko wapi karatasi ya mahali, na ikiwa haipo, tuwasaidie kuiomba kwa maandishi, tena na tena, hata ofisi izoee kuulizwa. Ushuru uliopokewa bila kutoa mahali ni deni, na deni hilo lidaiwe.