Mkono Unaoacha Alama

Maisha yangu ya kazi nimeyamaliza na watoto ambao bado hawajajua kusema, katika vituo vya malezi vya Malindi na Kilifi, ambako mama anayewahi sokoni, hotelini au shambani humwacha mwanawe asubuhi akamfuata jioni. Katika kazi hiyo hoja moja imezidi kukomaa ndani yangu: mtoto mchanga huanza kuchora kabla hajaweza kuchora kitu chochote. Picha haimhusu. Kinachomshughulisha ni kuona kwamba mkono wake umepita mahali na mahali pale pamebadilika. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kumpa mtoto wa mwaka mmoja karatasi yenye samaki aliyekwisha kuchorwa, akashikwa mkono apake rangi bila kuvuka mistari, kisha karatasi ikabandikwa ukutani mzazi aione. Kazi ile ni ya mlezi, na mtoto hakuambulia kitu.

Sisemi hivi kwa mapenzi tu. Mwaka 1968, huko Marekani, James Gibson na Patricia Yonas waliwapa watoto wadogo, wa kuanzia miezi 15, kifaa kinachoacha alama na kingine kisichoacha. Kile kisichoacha alama hakikuwashika. Mikwaruzo ilipungua sana. Lau raha ingekuwa katika kupunga mkono peke yake, kifaa chochote kingetosha. Rhoda Kellogg naye, aliyekusanya mamia ya maelfu ya michoro ya watoto, alionyesha katika kitabu chake cha 1969 kwamba mikwaruzo tunayoiita vurugu ina aina zake, akataja 20 za msingi, kuanzia nukta hadi duara. Ushahidi wenyewe uko sakafuni pia, kwa atakayeinama kutazama. Mwaga maji kidogo kwenye saruji iliyopigwa na jua, umkalishe hapo mtoto wa miezi minane. Kwanza hupiga kwa kiganja kizima, maji yakaruka. Baadaye kidole kimoja hutoka, kikaburuta unyevu, na nyuma yake ukabaki mstari mweusi. Mtoto hunyamaza. Huutazama mstari, hutazama kidole, na ule mstari ukianza kukauka na kupotea hurudia tena palepale. Kabla ya mwaka wa pili hushika kipande cha chaki nene kwa ngumi, na nguvu yote hutoka begani. Ndiyo sababu alama zake za mwanzo ni za kugongagonga, halafu hufuata mapinde mapana ya kwenda na kurudi.

Wapo wasemao kwamba huu ni mchezo, na kwamba kituo kinalipiwa ili mtoto ajifunze herufi. Nawajibu kwa kazi iliyofanywa hapahapa kwetu. Kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35 kilichotungwa Kilifi, ambacho Amina Abubakar na wenzake walikichapisha mwaka 2008, kina sehemu kuu mbili: moja ya kutembea na kujimudu mwilini, nyingine ya ushirikiano wa jicho na mkono. Mkono umepewa nafasi sawa na miguu. Herufi zitakuja, lakini zitaandikwa na mkono huohuo. Wengine husema vifaa ni ghali. Programu ya chekechea za madrasa, iliyoanza Mombasa mwaka 1986 chini ya Bi Swafiya Said, imekwisha kulijibu hilo kwa vifuu, mbegu na vitu vingine vya mazingira yetu. Walengwa wake walikuwa watoto wakubwa kidogo. Kwa wachanga ni lazima tuondoe mbegu na chochote kinachoweza kumkaba mtoto, lakini njia ni ileile.

Pingamizi linaloniuma ni lile la chakula. Vitabu vingi vya ualimu hupendekeza rangi za unga uliopikwa, kwa kuwa mtoto mchanga hutia kila kitu mdomoni, na uji uliotiwa manjano yaliyotwangwa nyumbani haumdhuru. Lakini mama wa Ganze aliyekosa mvua msimu baada ya msimu akikuta uji umepakwa juu ya sinia, ana haki ya kukasirika, na mimi simwiti mshamba. Kwake nasema tuache unga, tutumie maji. Uchafu haunisumbui hata kidogo, maana nguo hufuliwa. Kinachobaki ni sakafu na mtu wa kukaa karibu na mtoto, navyo vina mwenyewe: Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limevikabidhi vituo vya malezi ya watoto, pamoja na elimu ya chekechea, kwa serikali za kaunti. Kaunti hujenga madarasa ya chekechea kwa watoto wa miaka minne na mitano. Wa miezi minane naye awekewe kwenye ramani ya jengo baraza la saruji laini lenye kivuli upande mmoja na jua upande wa pili, bomba la maji likiwa karibu, na mlezi aliyefunzwa kutomshika mkono.