Barakoa
Bibi yangu alipotoka nyumbani alifunika uso, yakaonekana macho tu. Muuza samaki alimjua kwa sauti, akamwamkia na kumkopesha. Mimi niliona haya kuandamana naye mbele ya wanafunzi wenzangu. Nilidhani amejitenga na watu.

Mwaka 2010 Ufaransa ilipiga marufuku kufunika uso hadharani. Mwaka 2014 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaikubali sheria hiyo, kwa hoja ya kuishi pamoja. Mwaka 2020 yakaja maradhi, na nchi ile ile ikaamuru watu wafunike pua na vinywa.

Nami nikavaa barakoa, jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiarabu wa Unguja zamani. Sokoni nikajulikana kwa sauti. Ndipo nilipotambua kwamba aliyejitenga alikuwa mimi. Na bibi hayupo nimtake radhi.